Kiti cha Baraza la Usalama hakizunguki kama kahawa ya Mkunguni

Kaa Mkunguni hapa Lamu jioni utaskia siasa za Umoja wa Mataifa (UN) na Baraza lake la Usalama zinavyochambuliwa hapo mbele ya ngome, na wallahi mengi si kweli.

"Ni zamu tu, nchi ngojea utafikiwa." Ati zamu! Viti ni 15, vitano vina wenyewe wa kudumu, kumi ndo vya miaka miwili miwili na kila mwaka vitano vinapigiwa kura na Baraza Kuu lenye nchi 193. Ni kweli Afrika ina mgao wake wa viti vitatu na huwa inajaribu kupatana nyumbani kwanza, lakini mkishindwa kupatana mnapambana mbele ya dunia nzima. Sisi si tuliona 2020, Umoja wa Afrika (AU) ilishaipitisha Kenya mwaka uliotangulia, Djibouti wakakataa katakata wakasema zamu yao manake Kenya ilishakaa mara mbili na wao mara moja, basi ikabidi kura.

"Mwenye kura nyingi ndo mshindi." Hapa ndo watu wengi wanateleza. Tarehe 17 Juni, wakati ule wa korona wajumbe wanaingia ukumbini kwa makundi, Kenya ikapata 113, Djibouti 78, huku kwetu hiyo ungeshaskia vigelegele mpaka Shela. Kule haitoshi, inatakiwa theluthi mbili ya waliopiga, na siku hiyo lazima ufike 128. Kesho yake wakarudia, Kenya 129, Djibouti 62. Kura moja tu ya ziada jamani! Na tushukuru raundi ziliisha mbili, manake Cuba na Colombia mwaka 1979 walipiga raundi 154 mpaka mwaka ukageuka, mwisho kiti akachukua Mexico.

"Wakishakuahidi umepata." Kura ni ya siri, mtu anakukumbatia ukumbini akaandika jina la mwengine, utamjuaje?

"Nchi yenye matatizo haiwezi kupata." Jirani zetu Somalia, hapo tu ukishapita Kiunga, 2024 walipata kura 179 na kiti chao ni cha 2025 na 2026. Kweli hawakuwa na mpinzani Afrika, lakini hata usipopingwa theluthi mbili unazitafuta vilevile.

"Ukiingia unapata kura ya turufu." Hapana, hiyo kura ya kuzuia azimio ni ya wale watano wa kudumu peke yao. Na miaka yako miwili ikiisha unatoka, huruhusiwi kugombea tena papo hapo.