Je, wajua kwa nini watu huzidi kuhamia mjini hata pale kazi zinapokosekana?

Mwanzoni mwa mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifikia makubaliano ya pande tatu yaliyokusudiwa kumaliza tatizo la watu wasio na ajira mijini. Waajiri binafsi waliahidi kuongeza idadi ya wafanyakazi wao kwa asilimia 10, serikali ikaahidi asilimia 15, na vyama vya wafanyakazi vikakubali kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda wa mwaka mmoja. Watu wengi waliandikwa kazi kwa mpango huo, lakini msururu wa waliokuwa wakitafuta kazi haukupungua. Habari za ajira mpya zilipofika vijijini, waliokuwa wakisitasita walifunga safari, na nafasi zilizofunguliwa zikawa zimeleta watafutaji wapya wengi kuliko zilivyoweza kuwapokea.

Wachumi wawili Wamarekani waliofanya utafiti nchini Kenya miaka hiyo, John Harris na Michael Todaro, walilitazama jambo hilo na mwaka 1970 wakachapisha maelezo ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vikuu. Hoja yao ilikuwa kwamba anayehama kijijini hafuati taa za mjini, kama wazee wengi walivyodhani na wengine wanavyoendelea kudhani, anapiga hesabu. Halinganishi anachopata shambani na mshahara wa mjini peke yake, bali na mshahara huo ukishapunguzwa kwa kadiri ya uwezekano wa kuukosa.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Kijana anapata shilingi 100,000 kwa mwezi kutokana na shamba, na mjini kuna kazi ya shilingi 300,000. Ikiwa katika kila watafutaji watatu mmoja ndiye anayeipata, basi matarajio yake ya mjini ni sawa na kipato cha shambani, na hana sababu kubwa ya kuondoka. Serikali ikiongeza ajira hadi uwezekano ukafikia mmoja kati ya wawili, matarajio yanapanda hadi shilingi 150,000, naye anafungasha mizigo. Wenzake wanapiga hesabu ileile, wanaondoka, na wanaendelea kuondoka mpaka msongamano mjini uurudishe uwezekano palepale ulipokuwa. Ndiyo sababu mji unaweza kuwa na maelfu ya watu wasio na kazi na bado ukavuta wengine, bila yeyote kati yao kuwa mpumbavu.

Maelezo haya yana pengo moja, nalo ni kwamba yanachukulia udogo wa kipato cha shambani kama jambo lililokwisha kujulikana. Kwa maoni yangu swali lenye uzito zaidi liko huko: kwa nini shamba linalipa kidogo kiasi kwamba hata bahati nasibu ya mjini ionekane afadhali?

Sababu ya kwanza inaonekana katika sensa, ingawa inakwenda kinyume na dhana iliyozoeleka kwamba vijiji vinabaki mahame. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 12.3, na kati ya kila mia moja ni sita hivi tu waliokuwa wakiishi mijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na walioishi mijini walikuwa wamefikia kama asilimia 35. Dar es Salaam pekee ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Lakini msomaji akifanya hesabu ya waliobaki ataona kwamba vijijini kulikuwa na watu kama milioni 11.5 mwaka 1967, na takribani milioni 40 mwaka 2022. Asilimia ya wakulima inashuka huku idadi yao ikipanda, na ardhi waliyoirithi ni ileile.

Mahali pa kuliona hilo kwa macho ni kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika vihamba vya Wachaga, ambamo migomba, kahawa, maharage na majani ya mifugo hulimwa pamoja katika eneo moja linalomwagiliwa kwa mifereji ya jadi. Ni kilimo cha ustadi mkubwa, na kwa vizazi vingi kihamba kimoja kililisha ukoo. Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume hubaki katika nyumba ya wazazi, na mkubwa naye huwa na fungu lake. Wa katikati walitafutiwa ardhi mpya ilipokuwapo, na ilipokwisha, ama waligawana kilekile ama walitafuta maisha kwingine. Leo vihamba vingi havifikii hata hekta moja. Juu ya hayo bei ya kahawa iliporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo kuvunjika mwaka 1989, na baadhi ya wakulima waliona afadhali kung'oa mibuni na kupanda kitu kingine. Wachaga walienea katika biashara kila mji wa Tanzania, na wengi hupanda mlimani kila Desemba kusalimia wazee. Watu hutania kwamba ni kabila la wafanyabiashara. Mimi nadhani ufinyu wa kihamba unaeleza mengi kuliko tabia ya kabila.

Sababu ya pili ni msimu. Katika mikoa yenye mvua za mara moja kwa mwaka, kama Dodoma na Singida, kazi ya shamba haigawanyiki sawa katika miezi kumi na miwili. Kuna kusafisha shamba mnamo Novemba, kupanda mvua zikianza, palizi ya Januari na Februari ambayo huchosha mikono ya kila aliyemo nyumbani, kisha kuvuna kuanzia Mei. Kiangazi kikishaingia, hakuna cha kufanya shambani. Wachumi waliolinganisha kipato cha mkulima na cha mfanyakazi wa sekta nyingine kwa mwaka waliona tofauti kubwa sana. Waliolinganisha kwa saa ya kazi waliona tofauti hiyo ikipungua mno. Maana yake ni kwamba saa moja ya jembe si duni kama inavyosemwa, ila saa zenyewe ni chache. Na kwa kuwa ada, matibabu na madeni havingoji msimu, mkulima huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, tena mara nyingi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kisha Februari hununua mahindi yaleyale kwa bei ya juu.

Mtu anaweza kuuliza: je, akizalisha zaidi si atapata zaidi? Kwa mkulima mmoja, ndiyo. Mahindi kwenye hekta moja nchini Tanzania hutoa kwa wastani chini ya tani mbili, ilhali Marekani hutoa kama tani 10 au zaidi, kwa hiyo nafasi ya kuongeza ipo kubwa. Lakini kwa wakulima wote kwa pamoja kuna kizingiti ambacho mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alikieleza mwaka 1857: kadiri kipato cha familia kinavyopanda, ndivyo sehemu ya kipato hicho inayotumika kwa chakula inavyopungua. Mtu aliyeongezewa mshahara mara mbili hali ugali mara mbili. Ataongeza nyama na maziwa, halafu atanunua simu, atajenga, atasomesha. Fedha ya nyongeza inakimbilia kwenye bidhaa na huduma zisizo za shambani, na watu wanaifuata. Kila nchi iliyotajirika imepita hapo. Korea Kusini, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wakulima, leo ina wakulima wapatao mmoja kati ya wafanyakazi ishirini.

Tofauti ni kwamba Mkorea aliyeacha mpunga alipokewa na kiwanda cha nguo, baadaye cha meli na vifaa vya umeme. Miji mingi ya Afrika imekua bila viwanda kukua kwa kasi hiyo. Tanzania ilikuwa na viwanda vyake vya nguo, kikiwemo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, lakini vingi viliyumba au kufungwa katika misukosuko ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, na mitumba ikachukua nafasi yake sokoni. Kwa hiyo anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Magufuli, jijini Dar es Salaam, bila mwenyeji mwenye duka huishia kwenye umachinga, bodaboda, ulinzi, ujenzi au kupika chakula barabarani. Shirika la Kazi Duniani lilipopeleka wataalamu Kenya mwaka 1972, waliripoti kwamba watu waliodhaniwa kuwa hawana kazi kwa kweli walikuwa wakifanya kazi kutwa, ila katika shughuli ambazo serikali haikuzihesabu. Wakenya wenyewe walikuwa wakiwaona kila siku, na sekta hiyo ikaja kujulikana kwa jina la jua kali.

Serikali kadhaa zilijaribu kuurudisha mkondo nyuma kwa nguvu. Wakoloni waliwakamata Waafrika wasio na ajira Dar es Salaam, wakawaita wahuni na kuwarudisha makwao. Baada ya uhuru maneno yalibadilika kuliko vitendo: mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, wakazi walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi walizolewa mitaani wakapelekwa vijijini kulima. Wengi walirudi, baadhi wakiwa wametumia siku chache tu huko. Jiji lililokuwa na watu wapatao 840,000 mwaka 1978 lilikuwa na zaidi ya milioni 1.3 ifikapo 1988. Haingewezekana kuwa vinginevyo, kwa sababu hakuna kilichobadilika katika hesabu ya mtu aliyekuwa akisukumwa nyuma, na pia kwa sababu sehemu kubwa ya ongezeko la miji hutokana na watoto wanaozaliwa humohumo, ambao hawana kijiji cha kurudishwa.

Je, wanaohama hufaidika kweli? Kwa bahati nzuri Tanzania ina utafiti mmoja unaojibu swali hili vizuri kuliko nchi nyingi. Ulianza mkoani Kagera mwaka 1991 ukihusisha kaya zaidi ya 900, kwa lengo la kujua vifo vya watu wazima, hasa vya UKIMWI, viliathiri vipi familia. Watafiti walirudi mwaka 2004, na tena 2010, na badala ya kuwahesabu waliobaki tu, waliwatafuta walioondoka popote walipokuwa, hata ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Kwa kulinganisha watu waliotoka katika kaya moja, walikuta kwamba hadi mwaka 2004 ukuaji wa matumizi ya waliohama ulikuwa umezidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia.

Matokeo yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi. Walipochunguza ni nani walioondoka kwenye umaskini hadi mwaka 2010, waligundua kwamba karibu nusu yao walifanya hivyo kwa kuhamia katika shughuli zisizo za kilimo hukohuko vijijini au katika miji midogo. Waliofanikiwa kupitia jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Mmoja mmoja, waliokwenda majiji makubwa ndio waliopata ongezeko kubwa zaidi la kipato, lakini walikuwa wachache. Mji mdogo ulibeba wengi kwa sababu nauli yake ni ndogo, mgeni hakosi shangazi wa kumpokea, na mambo yakienda vibaya mtu anarudi nyumbani kwa baiskeli.

Mfano ni Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, penye soko kubwa la nafaka. Msimu ukifika, mahindi huingia kwa malori, matrekta na pikipiki. Kuna madalali, wapima mizani, wanawake wanaopepeta na kuchambua, washona magunia, wapakiaji wanaolipwa kwa gunia, na nyuma yao mama lishe, mafundi, nyumba za wageni na mawakala wa kutuma fedha kwa simu. Wengi wao bado wana ekari zao kijijini na hurudi kulima mvua zikinyesha. Takwimu humwandika mtu wa namna hii kuwa mkulima au mfanyabiashara kutegemea ni mwezi gani aliulizwa, na ndiyo sababu mpaka kati ya shamba na mji ni hafifu kuliko asilimia zinavyoonyesha.

Siku hizi kuna mkondo unaokwenda upande wa pili pia. Watumishi na wafanyabiashara wa mijini hununua ekari kumi, hamsini au mia, wakaziendesha kwa kile kinachoitwa kilimo cha simu: mwenye shamba yuko Dar es Salaam, msimamizi yuko shambani, na maagizo pamoja na fedha za mbegu hupita hewani. Mashamba ya ukubwa wa kati yameongezeka sana Tanzania, kama ilivyo Zambia na Ghana, na wamiliki wake hukodi trekta mapema kuliko jirani yao mwenye ekari mbili. Bado wanahitaji vibarua wa palizi na kuvuna, hivyo kijana ambaye fungu lake la urithi halimtoshi hupata ujira kwa majirani hao wapya. Mara nyingi ujira huohuo ndio anaoutumia kutoa malipo ya kwanza ya pikipiki, ili kiangazi kikianza awe tayari yuko barabarani akitafuta abiria.