Laab ya nyama na kamba kwa harusi: pika mapema, changanya mwisho

Kule Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na kwa majirani zao wa Laos ng'ambo ya mto Mekong, laab, yaani nyama ya kusaga iliyoungwa kwa ndimu, sosi ya samaki, unga wa mchele uliokaangwa na majani mabichi, ni chakula cha shughuli. Wazee wakishawafunga maharusi nyuzi za pamba kwenye vifundo vya mikono, watu huketi kula, na sahani ya laab iko hapo kando ya wali wa kunata. Jina lake hutamkwa sawasawa na neno la Kithai la bahati njema, kwa hiyo hata nje ya Isan watu hupenda iwepo siku ya ndoa. Laab ya kawaida ni nyama tupu. Kwa harusi mimi huongeza kamba, maana nyama ya kusaga peke yake, hata ikipikwa vizuri namna gani, mezani haionekani kama imegharamiwa.

Wapishi wengi wa shughuli huiharibu kwa jambo moja: wanachanganya kila kitu asubuhi kwenye beseni kubwa. Kufika saa ya kupakua, majani yameiva kwa ndimu na kuwa meusi, unga wa mchele umelowa, na chini kumejaa maji. Laab hupikwa mapema, kila kitu kikae chombo chake, kisha huchanganywa kwa meza, sahani moja moja, dakika kumi kabla ya kuliwa. Ndiyo maana vipimo vyangu ni vya meza moja ya watu 10 wenye vyakula vingine mbele yao. Wageni 50, zidisha kwa tano.

Meza moja inataka nyama ya kusaga gramu 500. Kamba gramu 300 waliokwisha kumenywa, yaani ununue kama gramu 600 wakiwa na vichwa na maganda. Sosi ya samaki mililita 60. Maji ya ndimu mililita 75, ambayo ni ndimu nne au tano. Unga wa mchele uliokaangwa vijiko vitatu vya chakula. Pilipili kavu iliyopondwa vijiko viwili vya chai. Sukari kijiko kimoja cha chai. Vitunguu vidogo vyekundu gramu 100. Vitunguu vya majani mashina manne. Mnanaa na giligilani, kila kimoja viganja viwili vilivyojaa. Pilipili usiizidishe kwa tano kibubusa. Tia nusu, nyingine iweke kwenye kibakuli mezani, wazee na watoto wapo.

Tuanze na mchele, kwa sababu bila huo hiyo si laab. Tumia mchele mbichi wa kunata, ule mweupe usiopitisha mwanga. Ukikosa, wa kawaida utafaa ingawa harufu itapungua. Uweke kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta, moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 12 hadi 15. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, halafu rangi inabadilika ghafla, na hapo ndipo watu huondoka kwenda kushika simu. Unataka kahawia iliyokolea, punje zote sawa. Ukiishia kwenye manjano, ladha ni ya mchele mbichi. Ukipita hadi weusi, uchungu wake hauondoki kwa sukari wala ndimu. Umwage kwenye sinia upoe, kisha uponde kwenye kinu. Uache chengachenga zinazosikika kwenye meno. Ukiusaga ukawa laini kabisa, utafyonza mchuzi na kukupa uji. Fanya kazi hii siku hiyo hiyo, au jana yake ukaufunge kwenye chupa kavu.

Pilipili kavu nazo zikaange hivyo hivyo kwa dakika mbili tatu, nje ya nyumba kama unaweza, kwa sababu moshi wake utawakohoza wote jikoni.

Nyama ya nguruwe ndiyo iliyozoeleka Thailand, lakini harusi ina wageni wa kila dini, na laab ya kuku au ng'ombe haipungukiwi na chochote. Zote mbili zinapikwa kwao pia. Kuku achukuliwe mapaja. Kidari kikisagwa na kuiva huwa kikavu kama machicha. Mwambie muuza nyama apitishe mara moja tu kwenye tundu kubwa za mashine.

Vichwa na maganda ya kamba usitupe. Yachemshe kwa maji kiasi cha kuyafunika, dakika 15, chuja. Supu hiyo ndiyo ya kupikia nyama, na ndiyo inayofanya nyama na kamba ziwe na ladha ya chakula kimoja badala ya viwili vilivyokutanishwa sahanini. Chemsha kikombe kimoja cha supu, tia nyama ya meza moja, ivunjevunje kwa mwiko hadi isibaki nyekundu mahali popote, kama dakika tano. Nyama ya meza zote tano usiijaze sufuria moja: itapoa, itatoa maji, itashikana mabonge. Ichuje na supu uiweke. Nyama iliyoiva ikae moto, ikiwa imefunikwa, zaidi ya nyuzi 60.

Isan wako wanaokula laab mbichi, wengine kwa damu. Kwa harusi usithubutu, hata wageni wakiomba.

Kamba walioganda wayeyuke kwenye friji usiku kucha juu ya chujio, uwakaushe kwa kitambaa. Wachemshe kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja na nusu hadi mbili kutegemea ukubwa. Akijikunja umbo la herufi C, mtoe. Ncha zikigusana, ameshakuwa mpira. Watandaze kwenye sinia pana wapoe. Maji ya barafu siyapendi hapa, kwani wanayabeba hadi kwenye sahani. Kata kila mmoja vipande viwili au vitatu, rudisha kwenye friji. Wachache waache wazima wa kupamba juu.

Ndimu zikamuliwe siku hiyo hiyo, na usizibinye hadi ganda litoe mafuta yake machungu.

Sasa kuchanganya. Nyama ya moto kwenye bakuli, vijiko vitatu vya ile supu, mililita 45 za sosi ya samaki, ndimu, sukari, pilipili. Onja hapo, kabla ya majani: uchachu utangulie, chumvi ifuate karibu sana. Ile mililita 15 iliyobaki ongeza kidogo kidogo, kwa sababu sosi hutofautiana ukali. Ndimu usiitie sufuria ikiwa bado jikoni, harufu yake itapotea. Tia kamba na vitunguu vidogo vilivyokatwa vyembamba, kisha unga wa mchele, mwisho kabisa majani, ugeuze mara chache tu.

Ikiwa imekuwa na maji, inamisha bakuli uyamwage. Kuongeza unga wa mchele ili yakauke huishia kwenye uji. Chumvi ikizidi, ongeza nyama isiyoungwa. Kwa hiyo pika nyama ya ziada kama nusu kilo, uiweke kando bila kitu.

Pembeni weka kabichi mbichi iliyokatwa mapande, matango, maharage marefu ya kijani na wali wa kunata. Ukumbi ukiwa na joto la kawaida, sahani isikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili. Chini ya hema, joto likizidi nyuzi 32, muda wa saa moja tu. Kilichobaki baada ya hapo hakifungiwi wageni cha kubeba, kinatupwa.