Mlango wa gereji ukigoma, usianze na mota

Huku Raskazone, Tanga, chumvi ya bahari haibakizi chuma. Mlango wa gereji ya nyumbani ukianza kugoma, wengi husema mota imekufa, na pesa inatoka kabla mlango haujakaguliwa. Haya ndiyo ninayosikia watu wakisema, na jibu langu kwa kila moja.

"Mota ndiyo inayonyanyua mlango."
Uzito wa mlango unabebwa na springi. Mota inasaidia tu. Jaribu hivi: mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu inayoutenganisha na mota, unyanyue kwa mikono hadi kiunoni, kisha legeza taratibu bila kuuachia. Ukitulia, springi ni nzima. Ukishuka kwa kishindo au ukiwa mzito kama gunia la mchele, springi imechoka, na hata mota mpya itaungua. Springi nyingi hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000 ya kufungua na kufunga. Ukifungua mara 4 kwa siku, hiyo ni miaka kama 7, na kutu huipunguza. Mlango ukiwa wazi na springi imekatika, kamba hiyo usiiguse kabisa: utakuangukia.

"Springi ni bolti tu, nafungua mwenyewe."
Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Springi iliyokazwa imebana nguvu ya kunyanyua mlango mzima. Ikifyatuka huvunja mkono, hupasua uso. Waya wa chuma wa pembeni nao uko hivyo hivyo. Ita fundi mwenye fimbo maalumu za kukazia. Akitoa bisibisi badala ya fimbo hizo, mzuie, hata kama ni jamaa yako.

"Unashuka kisha unarudi juu? Ongeza nguvu ya mota."
Tazama kwanza yale macho mawili ya sensa, yanayozuia mlango usimshukie mtu au kitu kilicho chini yake, karibu sentimita 15 kutoka sakafuni. Utando wa buibui, vumbi, kishikio kilichopinda kwa kutu, au jua la asubuhi kwa mlango unaotazama mashariki, vyote huyapofusha. Yafute, yaelekeze yatazamane. Kisha laza ubao sakafuni na ufunge: mlango ukigusa ubao lazima urudi juu. Ukiongeza nguvu tu, unamwondolea mtoto kinga yake.

"Paka grisi kwenye reli."
Grisi hunasa mchanga. Reli ifute, mafuta ni ya bawaba, rola na springi.

Na rimoti inayofanya kazi ukiwa karibu tu? Badilisha betri. Isipopona, zima taa ya LED iliyo karibu na mota ujaribu tena. Baadhi ya taa hizo huvuruga mawimbi.