Sato wa Kizimbani na Sato wa Ziwani: Nini Hubadilisha Mnofu?

Swali: Sato wa kufugwa ana lishe pungufu kuliko wa kuvuliwa ziwani?

Kwa protini, hapana. Gramu 100 za mnofu mbichi wa sato zina protini kama gramu 20, na kiasi hicho hakiyumbi sana hata akibadilishiwa chakula. Kinachoyumba ni mafuta, na maji huenda kinyume chake: mafuta yakipanda, maji hushuka. Ila sato huweka akiba yake zaidi tumboni kuliko kwenye mnofu. Mpasue aliyelishwa kupita kiasi, utakuta mafuta yamezunguka utumbo.

Swali: Na omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki, je?

Hapo chakula ndicho huamua. Omega-3 huanzia kwenye vijimea vidogo vya majini, ambavyo sato wa ziwani huvila pamoja na wadudu. Wa kufugwa akishindia soya, mahindi na mashudu ya alizeti, mafuta yake huelemea omega-6, aina nyingine ya mafuta iliyojaa kwenye mimea hiyo. Akipewa unga wa dagaa au mafuta ya samaki, omega-3 hupanda. Lakini tusidanganyane: mnofu wa sato una mafuta kama gramu 2 tu kwa kila gramu 100. Anayetafuta omega-3 ale dagaa au vibua. Na sato akishazama kwenye karai la mafuta, mengi utakayokula ni ya karai.

Swali: Ni kweli samaki akikomaa na kubeba mayai mnofu huharibika?

Inategemea samaki. Salmoni wa Pasifiki akiingia mtoni kwenda kutaga huacha kula. Safari na mayai hugharimiwa na mwili wake: mafuta hutangulia kuisha, protini hufuata, maji huongezeka, mnofu hulegea. Hata rangi yake ya machungwa huhamia kwenye mayai na ngozi.

Sato hafikii hali hiyo. Hata hivyo jike huatamia mayai mdomoni, na siku hizo hali chochote, au hula kidogo mno. Bwawani huweza kuanza kutaga akiwa na miezi michache tu, akadumaa. Ndiyo maana wafugaji hutafuta vifaranga vya madume watupu; si kwamba jike ana madhara kwa mlaji.

Swali: Basi sokoni nimkwepe mwenye mayai?

La. Mayai yenyewe yana protini na mafuta mazuri, mradi yaive. Aliyeshauriwa na daktari kupunguza kolesteroli ndiye ayale kwa kiasi.