Gari za stima: watu wanaogopa mvua, soketi hawaiangalii

Ukisema Nairobi unataka gari ya stima utapewa ushauri wa kila aina, na mwingi unatisha watu na vitu havina shida, huku zile shida zenyewe za kila siku hakuna anayezitaja. Nitaongelea sana Nissan Leaf za mtumba kutoka Japan juu ndo wengi wetu tunaeza fikia bei.

"Ukichaji kwa mvua utapigwa shoti"

Si kweli. Kebo haipeleki stima mpaka plagi iingie vizuri na gari yenyewe ikubali, mvua ya kawaida haina neno. Ogopa ule upande mwingine wa kebo, pale kwa ukuta.

"Unachomeka tu nyumbani kama simu"

Hii ndo hatari kuliko zote na inaniuma vile watu wanaichukulia rahisi. Soketi yetu ni ya 13A (ampea 13), na vitu vingi tunavyochomeka hapo, pasi, birika, ni vya dakika chache. Gari inavuta stima nyingi masaa kumi na zaidi bila kupumzika, sasa kama waya ni nyembamba ama skrubu za nyuma ya soketi zimelegea joto linajikusanya hapo, plastiki inageuka kahawia, inaanza kunuka, alafu inayeyuka na wewe umelala. Mbaya zaidi, kebo nyingi zinazokuja na gari za Japan ni za 200V na plagi yake haiingii kwetu, kwa hivyo fundi anakata anaweka ya pini tatu na kazi imeisha. Lakini hiyo kebo imeundwa kuvuta mpaka 15A! Mwambie fundi wa stima akutolee laini yake peke yake kutoka kwa meni swichi, waya mnene, na breka yake. Na hata baada ya hapo, chaji nusu saa alafu ushike plagi, ikiwa ya moto hadi unatoa mkono, zima.

Na kama unakaa kwa ghorofa, paking iko chini na mita yako ya tokeni iko pengine kabisa, ongea na landilodi KABLA hujalipa deposit ya gari.

"Imeandikwa kilomita 400, basi ni 400"

Leaf ya betri ya kilowati saa 40 ilipotoka Japan 2017 ilitangazwa kilomita 400 kwa vipimo vya huko, vya JC08. Marekani gari hiyo hiyo ilipimwa ikapewa karibu 243. Ile ndogo ya 24 ilikuwa 228 Japan, Marekani haikufika 140, na hizo zote ni za betri mpya. Alafu kuna milima. Kutoka Naivasha kurudi Nairobi lazima upande escarpment, na kupandisha tani moja na nusu mita 500 kwenda juu kunakula kama uniti mbili peke yake (uniti moja ni kilowati saa moja), kabla hujahesabu umbali wala abiria. Ukiteremka breki zinarudisha kiasi tu, haziwezi rudisha yote.

"Chaja ziko kila mall siku hizi"

Zinaongezeka, ni kweli, lakini angalia tundu. Leaf ya Japan ina tundu aina ya CHAdeMO ya chaji ya haraka na Type 1 ya chaji ya kawaida, wakati gari za Ulaya zinatumia CCS2 na Type 2, na nyingi za China zinakuja na GB/T. Unaeza kufika kwa chaja imesimama inawaka taa ya kijani na haikuingii, na kebo ya Type 2 kwenda Type 1 umeiacha nyumbani. Pia hata ile ya haraka, ikipita asilimia 80 inapunguza mwendo, hiyo ni kawaida.

"Stima ni kama bure" na "haina service"

Leaf inaenda kama kilomita 6 kwa uniti. Ukiweka na stima inayopotea wakati wa kuchaji, kilomita 100 ni karibu uniti 20, zidisha na bei ya tokeni zako. Bado inashinda petroli, lakini si bure. Service ni kidogo kweli, hakuna oili ya injini, ila tairi, shoki, maji ya breki na ile betri ndogo ya 12V ziko palepale. Hiyo ndogo ikifa gari haiwaki hata kama kubwa imejaa.

"Dashibodi iko na vijiti 12, betri ni mpya"

Vile vijiti vidogo 12 vya pembeni ndo vinaonyesha uzima wa betri, na cha kwanza kinaanguka ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15. Betri ya hizi Leaf za mtumba haina maji ya kuipoza, joto linaichosha, ndo maana 2012 wenye Leaf kule Arizona, jimbo la joto kali Marekani, walilalamika sana, na mtu wa Mombasa aliangalie hilo vizuri. Shida ingine ni kwamba vijiti vinaeza risetiwa virudi 12, vikadumu wiki kadhaa, alafu vinaanza kuanguka ukishalipa. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachomekwa kwa gari kusoma kompyuta yake, weka app ya LeafSpy kwa simu, na usome zaidi ya vijiti: angalia SOH (uzima wa betri kwa asilimia), alafu endesha umbali mrefu uone asilimia inashuka vipi. Muuzaji akikataa hiyo tesdraiv ndefu, achana na hiyo gari.