Uchechemuzi wa watu wenye ulemavu ni kitu gani hasa?

Kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, taarifa za habari hujaa picha za aina moja: kiongozi amesimama, pembeni yake mtu ameketi kwenye kiti mwendo kipya, na watu wanapiga makofi. Kiti ni kizuri na aliyekipata alikihitaji. Tatizo linaanza mpira wa gurudumu unapoisha, kwa sababu hakuna ofisi yenye wajibu wa kuutengeneza. Uchechemuzi ni kazi ya kuishinikiza serikali mpaka kiti, spea na fundi viingie kwenye bajeti ya mwaka huu na ya mwakani, kiongozi yule awe bado yupo au ameshahamishwa.

Ukisikia uchechemuzi wa ngazi ya chini, basi ni juhudi za watu wenye ulemavu wenyewe, familia zao na vyama vyao, kutaka sheria, kanuni, bajeti au utaratibu wa huduma ubadilike. Wakenya wengi wangesema utetezi. Kazi ni ileile. Ungeweza kudhani "ngazi ya chini" maana yake ni kijijini au kwa wanyonge, lakini kipimo ni nani anayeamua dai liwe lipi. Shirika la mjini likishaandika madai yake, likapata mfadhili, kisha likakodi basi la kuwaleta wasioona wakae safu ya mbele ukumbini, wale wasioona ni waalikwa tu. Kaulimbiu ya "hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi" inakemea hasa mambo ya namna hiyo, na inashangaza ni mara ngapi utaikuta imebandikwa ukutani kwenye mikutano isiyo na hata mkalimani mmoja wa lugha ya alama.

Watu wengi hudhani safari inaishia bungeni. Sheria ikipita, makofi, tumeshinda. Kumbe sheria inasubiri kanuni, kanuni zinasubiri fedha, na fedha zinasubiri ofisa wa kuzitoa. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Marekani.

Mwaka 1973 sheria ya kuwahudumia watu wenye ulemavu nchini humo iliwekewa kifungu kifupi, cha 504, kilichokataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu wake. Kwa maneno mengine shule, hospitali, vyuo na usafiri wa umma vyote viliguswa. Lakini kifungu hakikuweza kufanya kazi bila kanuni zenye saini ya waziri wa afya, elimu na ustawi. Miaka ikapita, marais wawili wakatoka Ikulu, saini haikutoka. Serikali ya Jimmy Carter ilipoingia madarakani mwaka 1977, waziri mhusika, Joseph Califano, alitaka kwanza kuzipitia upya kanuni hizo. Vyama vya watu wenye ulemavu viliona pale kwamba "kupitia upya" kungeishia kwenye kupunguza.

Aprili 5, 1977 waliandamana katika miji kadhaa. Huko San Francisco watu wapatao 150 waliingia kwenye jengo la serikali na hawakutoka kwa zaidi ya wiki tatu. Hebu fikiria maana yake. Humo ndani walikuwamo watu wanaohitaji kugeuzwa usiku wasipate vidonda, watu wa mipira ya mkojo, watu wa dawa za kila siku. Simu zilipokatwa, viziwi walisogea dirishani wakapeleka habari nje kwa lugha ya alama. Chama cha Black Panther, cha kupigania haki za Wamarekani weusi, ambacho mmoja wa waandamanaji alikuwa mwanachama wake, kilileta chakula cha moto kila siku. Meya wa jiji, George Moscone, aliagiza wapelekewe magodoro. Baadhi yao walisafiri mpaka Washington kumfuata waziri, na huko chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwakodia lori, kwa kuwa hapakuwa na usafiri wa kupakia viti mwendo. Aprili 28 Califano alisaini kanuni zilezile.

Ukisoma habari hizi harakaharaka utabaki na ushujaa peke yake. Mimi huwa naangalia zaidi maandalizi. Viongozi kama Judy Heumann na Kitty Cone walikuwa na kamati ya chakula, ya tiba, ya waandishi wa habari, na kabla ya siku yenyewe walishazungumza na makanisa na vyama vya wafanyakazi. Zaidi ya hapo, dai lilikuwa moja, na kila mtu mle ndani aliweza kulitaja: saini. Hawakuomba "hali bora za walemavu", ombi ambalo waziri yeyote angelikubali kwa tabasamu na asifanye kitu.

Kwetu dai la namna hiyo linaweza kuwa lipi? Chukua Tanzania na mikopo ya halmashauri. Zamani asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilikuwa ya wanawake na vijana, nusu kwa nusu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliigawa 4, 4 na 2, ile mbili ikiwa ya watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii ili kuipangia utaratibu mpya, na mwaka uliofuata ikarejea.

Sasa piga hesabu. Tuseme halmashauri inakusanya kwa mwaka shilingi bilioni 3 za mapato ya ndani yanayohesabiwa kwenye mgao huo: asilimia mbili yake ni milioni 60. Je, zilitengwa? Zilitoka? Zilikwenda kwa kikundi gani? Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimekuwa zikitaja halmashauri zisizochangia kikamilifu ile asilimia 10, na ripoti hizo ni za wazi. Kikundi kinachokwenda kwa diwani na ukurasa wa CAG unaoitaja halmashauri yake kimeshatoka kwenye kuomba, kimeingia kwenye kudai. Na dai linapaswa kufika mapema, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango huanza kupikwa miezi mingi kabla, vijijini na kwenye kamati za maendeleo za kata. Anayefika Juni anakuta kila shilingi ina mwenyewe. Hapa ndipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ingesaidia, maana imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Uliza mtaani kwako mwenyekiti wa kamati hiyo ni nani.

Niseme pia kwamba mkopo, hata usio na riba, ni deni. Mtu anayelipa nauli ya msindikizaji kila anapokwenda sokoni anaanza biashara akiwa nyuma ya jirani yake, na asilimia mbili haigusi pengo hilo. Kenya wamejaribu njia nyingine: kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wanaohitaji, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na bei ya unga kila mtu anaijua. Kupandisha namba hiyo moja ni dai linaloeleweka hata na mtoto.

Namba nazo zina siasa zake. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 3.5, ya 2019 ikahesabu asilimia 2.2. Watu hawakupona. Maswali ndiyo yaliyobadilika, na safari hii wakahesabiwa waliotaja ugumu mkubwa tu, wenye umri wa kuanzia miaka 5. Ofisa wa bajeti haulizi maswali yaliulizwaje. Anaichukua asilimia anazidisha. Kwa hiyo vyama makini huanza kufuatilia dodoso la sensa kabla makarani hawajapita.

Kwa anayetaka kuanza, silaha ya bei rahisi Tanzania ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inakupa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kumtaka ofisa akujibu ndani ya siku 30. Andika barua ya aya moja kwa mkurugenzi wa halmashauri yako: mwaka jana asilimia mbili ilikuwa shilingi ngapi, na ni vikundi vipi vilivyopata. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe, kisha anza kuhesabu.