Nguvu ya kusimamisha ni nini? Bastola na bunduki katika kujilinda

Mtaani kwetu bunduki ni ile ndefu inayoegemezwa begani, na bastola ni ile inayokaa kiunoni. Nitayatumia maneno haya hivyo hivyo. Huko Marekani, ambako ubishi wa kipi kinafaa kujilindia hauishi, neno linalotajwa sana ni "nguvu ya kusimamisha": uwezo wa risasi kumfanya mshambuliaji aache anachokifanya, pale pale. Usiichanganye na uwezo wa kuua. Mtu atakayekufa baada ya dakika kumi ana dakika kumi za kukudhuru.

Hilo lilionekana Miami, Aprili 11, 1986. Maofisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wengi wao wakiwa na bastola, walikabiliana na majambazi wawili wa benki, mmoja ameshika bunduki aina ya Mini-14. Mapema tu jambazi huyo alipigwa risasi ya milimita 9. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia karibu kabisa na moyo. Akaendelea kufyatua. Hadi anauawa, maofisa wawili walikuwa wamekufa na watano wamejeruhiwa. Baada ya hapo FBI ikaweka kipimo: risasi ipenye inchi 12 hadi 18 ndani ya jelatini inayowekwa badala ya nyama ya mwili.

Siri iko kwenye mwendo. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa mita 350 hivi kwa sekunde. Ya bunduki aina ya AR-15 ina gramu 4 tu, lakini hukimbia zaidi ya mita 900. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ndiyo maana kile kirisasi chepesi hubeba nishati mara tatu ya kile kizito. Bastola hutoboa tundu. Bunduki hupasua hadi nyama ya pembeni ambayo risasi haikuigusa. (Yale ya mtu kurushwa hewani na risasi ni ya sinema. Ingekuwa kweli, aliyefyatua naye angeanguka chali.)

Na kulenga je? Bunduki hushikwa kwa mikono miwili, bega na shavu. Bastola hutegemea mikono mitupu, na mkono unaotetemeka kwa hofu hukosa shabaha hata iliyo umbali wa hatua chache. Kwa hesabu hizi bunduki imeshinda, wala si kwa kubahatisha.

Mbona basi Wamarekani wengi huchagua bastola? Jibu limeandikwa na Mahakama Kuu yao mwaka 2008, katika kesi ya Dick Heller, mlinzi wa jengo la serikali jijini Washington. Kazini alibeba bastola, nyumbani sheria ya jiji ilimkatalia. Jiji likajitetea kwamba bunduki ndefu zinaruhusiwa. Mahakama ikasema hiyo haitoshi: bastola ni rahisi kuiweka karibu, ni vigumu kunyang'anywa, asiye na nguvu za kuinua bunduki ndefu anaiweza, tena unaweza kumwelekezea mwizi kwa mkono mmoja huku mwingine ukipigia simu polisi.

Ukiitazama orodha hiyo, hakuna hata sababu moja inayohusu nguvu ya risasi. Zote ni za mtu aliyeamshwa usiku, gizani, miguu mitupu. Kwangu hoja ya simu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu wezi wengi hukimbia wakijua tu kwamba wameonekana, na hapo gramu na mita hazina kazi.

Kilichokosekana kwenye orodha ni ukuta. Vyumba vya nyumba nyingi za kule vimetenganishwa kwa bodi za jipsamu, na risasi iliyomkosa mwizi, iwe ya bastola au ya bunduki, huzipita bodi hizo na kuingia chumba cha pili.